Pikapu ya Kumleta Mama Watoto Lodwar

Pikapu ililetwa Lodwar Jumatatu asubuhi, na kabla sijaiona nilikuwa nimeshaipenda, jambo ambalo si tabia yangu. Mimi ni fundi wa pampu za maji zinazoendeshwa na sola. Kazi yangu ni kukitilia shaka kila kitu chenye waya, mota au mdomo. Kwa miaka kumi na mmoja nimezunguka Turkana nikisikiliza visima, na sijawahi kumsamehe mtu aliyeniandikia kwamba pampu ni nzima kumbe imeungua. Lakini bosi wangu alipopiga simu kutoka Eldoret, nililainika kama mkate kwenye chai.

"Iendeshe wiki mbili," aliniambia. "Peleka kwa visima, peleka soko, peleka hata kanisa. Halafu uniandikie ukweli. Inafaa kazi? Na inafaa mtu kuishi nayo kila siku? Ukisema ndiyo, tunanunua na inakaa kwako. Hata wikendi ni yako."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia lile la wikendi tu. Pikapu yangu ya zamani ilikuwa ya kabini moja, mlango wa abiria umefungwa kwa waya, na springi zake zilikuwa zimesalimu amri kitambo. Sikuwa na neno nayo. Ilinifikisha na ilinirudisha. Ila niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ndiyo iliyonikimbizia mke.

Ngoja nieleze. Mimi ni mtu wa Voi, na mke wangu yuko Voi hadi leo, anashona mapazia na sare za shule barazani. Watoto wetu wamekua na kutawanyika. Miaka minne iliyopita, baada ya yule wa mwisho kuondoka nyumbani, mama watoto alikubali kuja Lodwar aone kama anaweza kuishi huku. Nilimfuata Kitale kwa ile pikapu. Barabara ya siku hizo haikuwa barabara, ilikuwa mashimo yaliyoshikana mikono. Alitapika mara mbili njiani. Mkono mmoja alishikilia dashibodi, wa pili alishikilia ule mlango wa waya, na kuanzia mahali fulani aliacha kuzungumza. Tulipofika alishuka polepole, akajishika kiuno, akasema, "Gari hili limenivunja mgongo. Ungenitumia jeneza nije nimelala."

Alikaa siku tisa. Kwa bahati mbaya zilikuwa siku ambazo pampu mbili zilikufa kwa mpigo, nikawa sitoki visimani. Siku ya kumi alipanda basi. Alisema atarudi. Tangu hapo tunazungumza kwa simu kila Jumapili, na kila nikimwuliza lini, anasema mgongo.

Basi mimi nikafanya kile ninachojua kufanya. Kitu kikisimama, natafuta kilichokatika. Nilitafuta, nikaona ni gari. Na sikuwa peke yangu. Sisi tuliotoka sehemu nyingine za nchi kufanya kazi Lodwar, kila mmoja ana jibu lake la kwa nini mke au mume yuko mbali. Mwalimu jirani yangu anasema ni joto. Mhasibu wa ofisi ya pili anasema ni shule. Wengi tunasema barabara. Wenyeji wanatuuliza, "Unaenda Kenya lini?" kana kwamba hapa tulipo ni nchi nyingine, na sisi tunacheka, halafu mwisho wa mwezi tunapanga foleni kwenye ofisi za mabasi tukienda hiyo Kenya. Wasioondoka wanabaki na Jumapili. Nimeishi Jumapili nyingi sana Lodwar. Unafua nguo, zinakauka kabla hujamaliza kuanika, na bado ni saa nne asubuhi.

Kwa hiyo nilipoona pikapu imesimama mbele ya ofisi, nyeupe, ndefu, milango minne, boneti yake ikinifika kifuani, sikuuliza injini ni ya lita ngapi. Nilizunguka moja kwa moja hadi mlango wa kushoto, nikafungua, nikakaa upande wa abiria. Nilifunga mlango. Ulifungika kwa sauti nzito na ya taratibu, na ukimya ulioingia baada yake ulinishangaza. Niliwasha kiyoyozi nikakaa pale dakika ishirini nzima, ofisi ikinitazama dirishani. Nilikuwa na furaha. Naona aibu kuisema, lakini nilikuwa na furaha.

Siku mbili za kwanza niliijaribu mjini. Lodwar haikujengwa kwa ajili ya kitu chenye upana ule. Kwenye njia ya sokoni nilikuwa nasukumana na mikokoteni ya maji, na kila nikisimama nilizuia watu kumi. Vijana wa boda boda walinipigia saluti. "Mheshimiwa! Mheshimiwa, tuachie ya chai!" Niliwaambia mimi ni fundi, wanijue vizuri, ni mimi yule wa juzi mwenye pikapu mbovu. "Sawa, mheshimiwa fundi," wakasema. Mama anayeniuzia samaki mkavu, ambaye miaka yote hunichagulia mwenyewe, aliniona nikishuka akapandisha bei bila hata kusalimia. Nilikasirika nikaondoka bila samaki. Jioni nilikula ugali na sukuma nikiwa bado nina hasira.

Ina skrini kubwa katikati inayokuonyesha nyuma unaporudi kinyumenyume. Ni kitu kizuri, ila inalialia. Ukikaribia ukuta inalia, ukikaribia mbuzi inalia, na Lodwar mbuzi ni wengi. Kwenye daftari langu la majaribio niliandika: Mjini ni kubwa mno. Maegesho shida. Kisha nikakumbuka kwamba mama watoto hapendi kutembea juani, na gari kubwa linamaanisha atashushwa mlangoni kabisa. Nikaongeza chini yake: Lakini dereva akizoea hakuna tatizo.

Hapo ndipo nilipoanza, nikitazama nyuma sasa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Jumatano niliipeleka kazini, kisima kilichoko kama saa mbili nje ya lami. Nilipakia paneli nne, mabomba, na sanduku la vifaa. Ile ya zamani unasukuma mzigo kwa nyonga unaingia. Hii, ubao wake wa nyuma uko juu hivi kwamba kila kitu unakiinua hadi mabegani, na mimi si kijana. Mabomba ya mita sita yalitokeza nyuma kwa sababu kabini ya milango minne imekula urefu wa mzigo. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye ncha zake, nikaenda hivyo hivyo.

Njiani mathenge ilikuwa imefunga pande zote mbili. Watu wa huku wanaujua mti huo na miba yake, na pikapu ya kawaida inapenya ukikunja vioo. Hii haikupenya hivyo. Ilikwaruzwa kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, kulia na kushoto, sauti ikinikata meno. Kisha nikafika kwenye laga, mto usio na maji, mchanga mtupu. Niliteremsha upepo wa matairi kama inavyopaswa, nikaweka gia ya chini, nikaingia. Ilikwenda vizuri hadi katikati, halafu uzito wake ukaishinda. Ilizama taratibu hadi tumbo likagusa mchanga.

Nilikaa nayo pale saa tatu. Mwishowe walinitoa watu wa kisimani kwenyewe, wanaume wawili na kina mama saba, waliokuja kwa miguu baada ya kuona nimechelewa. Walichimba kwa mikono na kwa masufuria, wakatandika matawi. Mmoja wa wale mama aliipigapiga bodi akasema jambo, wote wakaangua kicheko. Niliuliza amesema nini.

"Anasema hii ni ng'ombe mnono sana," mwanamume mmoja alinitafsiria. "Anasema ng'ombe kama hii, kiangazi ikikuja, inakufa ya kwanza."

Nilicheka nao. Tulipofika kisimani lango la ua lilikuwa jembamba, pikapu ikabaki nje, tukabeba paneli kwa mikono. Pampu ilipona alasiri. Maji yalipotoka wale mama walinimwagia kichwani kunitania, na kwa muda wa nusu saa hivi nilisahau mambo ya gari.

Usiombe kuona nilichoandika daftarini siku hiyo. Niliandika kwanza ukweli wote: ubao wa nyuma uko juu, mabomba hayaenei, ni nzito kwenye mchanga, tairi za saizi hiyo hakuna Lodwar wala Kakuma, chujio la mafuta itabidi litoke Nairobi. Ukurasa mzima. Niliusoma nikiwa nimekaa upande wa abiria, kiti nimekilaza kidogo, ubaridi unanipuliza shingoni, mgongo wangu umetulia baada ya kuinua vitu siku nzima. Niliwaza, mgongo wangu mimi huu, fundi, umetulia. Wa kwake je? Nikaichana ile karatasi. Badala yake niliandika: Kwenye mchanga inahitaji uangalifu.

Wiki ya pili nilikuwa na kazi Kakuma. Barabara sasa ni lami, imenyooka, na pikapu ilinyooka nayo. Hapa sidanganyi, ilikuwa raha. Haikutikisika. Niliweka kikombe cha chai mahali pake na chai haikumwagika. Niliongea peke yangu kwa sauti, nikimwonyesha mke wangu vitu, ule mlima, wale ngamia, angalia lile wingu. Nilisimama kidogo aone vizuri, kisha nikaona upuuzi wangu nikawasha tena.

Kitu kilichonisumbua sikukigundua mpaka nilipokuwa nimefika nusu ya njia. Katika barabara hiyo, watu wanaochunga mifugo wakiona gari husogea ukingoni na kuinua mtungi wa njano mtupu. Wanaomba maji. Kila dereva wa huku anajua, na asiye na roho mbaya hubeba ya ziada. Mimi hubeba mitungi miwili, na kwa pikapu ya zamani nilikuwa nikisimama mara nne au tano kabla ya Kakuma. Unamimina, mnasalimiana, *ejok*, *ejok*, unaulizwa habari za visima, unaondoka. Ni mazungumzo ya dakika mbili, na siku nyingine ndiyo mazungumzo pekee ninayopata.

Siku hiyo hakuna aliyeinua mtungi. Niliwaona. Walisimama mbali na lami, wengine walirudi nyuma hatua kadhaa, wakaniangalia nikipita kama unavyoangalia msafara wa wakubwa. Kwa mama mmoja mwenye watoto wawili na mbuzi nilipunguza mwendo nikasimama mwenyewe. Hakusogea. Nilishuka, nikafungua nyuma, nikashusha mtungi wangu. "*Ngakipi*," nikamwambia, maji, mojawapo ya maneno machache ya Kiturkana ninayoyajua sawasawa. Alinitazama uso, akaitazama pikapu, akanitazama tena.

"Ni wewe fundi?" akauliza kwa Kiswahili.

"Ni mimi, mama."

"Mimi nilifikiri ni serikali." Akatoa mtungi wake uliokuwa nyuma ya kichaka. Alikuwa ameuficha. Nilimjazia, akashukuru, lakini hakuuliza habari za visima. Alimvuta mtoto aliyekuwa anaugusa mlango, akamwambia aache, atachafua.

Niliingia nikafunga ule mlango mzito, na ukimya wake safari hii ulinikaa vibaya. Ningeweza kuliandika hilo pia. Sikuandika. Ungeliandikaje kwenye ripoti?

Kakuma ninamfahamu mama mmoja Mkongo, mkimbizi, mjane, wa rika la mke wangu au karibu. Nilimfungia friji ya sola miaka kadhaa iliyopita, anauza barafu na mandazi, na ana mgongo mbovu kupita wote ninaowajua. Hukaa kitako kwa hatua tatu, akiita jina la Yesu kila hatua. Nilikuwa nimempangia kazi bila yeye kujua. Siwezi kumpima mke wangu aliye Voi, niliwaza, lakini huyu naweza.

"Papa Fundi!" alipiga kelele aliponiona. "Umekuwa mukubwa! Umepata motokari ya musenatere!"

Nilimwambia ninaijaribu, na kama ana safari ya karibu nitampeleka. Alikuwa na dada yake wa kanisani Kalobeyei, anaumwa, na alikuwa anangoja mtu wa kumpandisha boda boda, kitu alichokiogopa kama kifo. Sheria ya kampuni inakataza kubeba abiria siku za kazi. Nilimfungulia mlango wa kushoto.

Nilipita lami, kisha kwa makusudi nikakata kwenye njia ya vumbi yenye matuta madogo madogo, yale yanayotetemesha mifupa. Kila baada ya muda nilimwuliza. Mgongo vipi, mama? Kiuno? Nikikilaza kiti hivi? Kichefuchefu hakuna?

"Hapana, Papa. Iko muzuri sana. Iko baridi sawa frigo." Alicheka. "Lakini unaniuliza sawa munganga. Uko na nini?"

Nikamweleza. Sikukusudia kumweleza yote, ila ndani ya gari lile hamna kelele za kujifichia. Nilimweleza habari ya Kitale, kutapika, mlango wa waya, siku tisa, miaka minne. Nilimweleza kwamba nikisema ndiyo gari ni langu, nami nitamfuata mke wangu hadi Voi penyewe, aje amekaa palepale alipokaa yeye.

Alinisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani. Alipojibu alikuwa haangalii kwangu, alikuwa anaangalia nje.

"Bibi yako alisema anataka motokari?"

"Alisema gari limemvunja mgongo."

"Haiko ile yenye nimeuliza, Papa."

Mbele yetu mabati ya Kalobeyei yalikuwa yameanza kuonekana.

"Miye nilitoka Uvira na miguu," akasema. "Kisha lori. Kisha miguu tena. Nilikuwa na mimba. Bwana yangu alikuwa ametangulia, akatuma neno: kuya, niko hapa, nakungojea. Sikuuliza barabara iko namna gani." Alikunja ncha ya kitenge chake. "Alikufia hapa hapa. Lakini nilimukuta ananingojea."

Nilimshusha mlangoni kwa dada yake. Alishuka bila kumwita Yesu hata mara moja, na hilo nikaliweka akilini kama ushahidi. Nilipokuwa narudi nilikuwa nimemkasirikia. Nilijiambia wanawake wa Kongo wanapenda kuhubiri, nikamwona hajui maisha yetu, hajui kazi. Nilimkasirikia karibu hadi Lodwar, kilomita zaidi ya mia, na sikumwonyesha mke wangu mlima wala wingu.

Jumamosi niliandika ripoti. Niliandika kwa kompyuta, kurasa mbili, na sijawahi kuandika kitu kwa ustadi kama ule. Kila ubaya nilioona niliuvisha nguo. Inafaa kazi: ndiyo. Inafaa matumizi ya kila siku: ndiyo. Kuhusu starehe ya abiria wa mbele niliandika aya nzima, na nadhani bosi wangu angejiuliza pampu gani hiyo inayosafiri ikiwa imekaa mbele. Sikuituma. Nilitaka nimwambie mama watoto kwanza.

Jumapili nilirudi kutoka kanisani nikapika, nikala, nikangoja saa tisa, ambayo ni saa yetu. Nikapiga. Nilisikia cherehani yake ikinguruma, kisha ikasimama.

Nilimwambia kila kitu. Nilikuwa naongea haraka kama kijana. Nilimwambia halitikisiki, nimelijaribu kwenye matuta, hata chai haimwagiki. Nilimwambia kuna baridi mpaka utataka kitenge. Nilimwambia nimemkalisha mtu mwenye mgongo mbaya kuliko wake naye akashuka anatabasamu. "Na kiti chako," nikasema, "unabonyeza kitufe kinajisogeza, unabonyeza kingine kinalala chote. Kina mto wa kiuno. Kiti kizuri, mama watoto. Hujawahi kukalia kiti kama kile."

"Ni kizuri kweli," akasema. Alikuwa ananisikiliza kwa upole, nikaufurahia upole wake. "Baba watoto, nikuulize kitu. Hapo nyumbani kwako kuna viti vingapi?"

Nilidhani ananitania. "Viti gani?"

"Vya kukalia. Vya watu."

Sikuhitaji kugeuka. Nyumba yangu ni chumba na jiko. Kuna kitanda, meza, na kiti cha plastiki cha buluu nilichokinunua juma langu la kwanza Lodwar. Nilikuwa nimekikalia.

"Kimoja," nikasema.

"Hata nilipokuja kilikuwa kimoja. Siku tisa nilikalia ndoo ya rangi, nimeigeuza juu chini. Sikujali. Nilikuwa najiambia, leo akirudi atakuja nacho. Sokoni huko vimepangwa hadi barabarani, niliviona siku ya kwanza. Kila jioni nikisikia gari limesimama nilikuwa nachungulia nyuma ya ile pikapu yako kuona kama kuna kiti. Kulikuwa na mabomba."

Nilihisi uso wangu unawaka, na joto la chumba halikuwa na lawama. "Ungeniambia," nikasema. "Si ungeniambia tu?"

"Ningekuambia. Lakini nilikuwa mgeni."

"Ulisema ni gari. Mama watoto, wewe mwenyewe ulisema ni gari, miaka minne unasema mgongo."

"Nilisema gari kwa sababu lilikuwa rahisi kusema." Nilisikia anavuta kitambaa, anakikunja. "Na mgongo uliniuma kweli, usidhani nilidanganya. Ulipona baada ya wiki."

Miaka kumi na mmoja ninajigamba kwamba nasikia pampu inayotaka kufa kabla haijafa, na hili sikulisikia. Nilitazama meza yangu, sahani moja, kikombe kimoja, kompyuta iliyofunguka kwenye ile ripoti. Kisha nikakumbuka kwamba hili nalo lina dawa, tena rahisi, na roho ikanirudi.

"Kesho asubuhi nanunua cha pili," nikamwambia. "Nanunua viwili. Nanunua kochi. Lile gari linabeba kochi zima, sikiliza, na likiwa limebeba kochi linakuja kukuchukua."

Alicheka, na kilikuwa kicheko chake kabisa, kile cha zamani. Nikacheka naye.

"Haya, nimekuja," akasema. "Nimekaa kwenye kochi. Wewe uko wapi?"

"Kazini," nikasema.

Lilinitoka bila hata kufikiri, kama mtu anavyojibu jina lake. Nililisikia lilipokuwa tayari limeshafika Voi. Nilifungua mdomo niongeze kitu, nikakitafuta, hakikuwepo. Upande wa pili hakukuwa na sauti ya kitambaa wala ya cherehani. Hakunikaripia. Ningeshukuru angenikaripia.

"Haya, baba watoto," akasema baadaye, polepole, kama unavyomwambia mtu aliyesimama mlangoni ameshavaa viatu. "Kazi njema."